Kisanduku Nilichopeleka Ukweni Matulo

Nyinyi wa huko nyuma wekeni hizo karanga chini, na wewe wa redio punguza kidogo, kwa sababu hii maneno nitaisema mara moja tu halafu niende nikalale. Nimechoka. Leo nimetoka Cheptais, jana nilikuwa Moi's Bridge, kesho sijui nitakuwa wapi, na yote hii kuzunguka ni matunda ya siku moja tu ya ujinga yenye nitawaambia, siku yenye wazee wa ukweni walikaa chini, wazee wa maana, na fimbo zao, wakaanza kujadiliana kama mimi nimemwona mtu uchi ama sijamwona, na mimi niko hapo katikati yao na kikombe ya chai, sijaona hata kisigino ya mtu. Aibu bana ni mzigo. Gunia ya mahindi ukifika sokoni unatua, aibu hata ukilala unalala nayo upande ile ingine ya kitanda.

Mnanijua, mimi Wanyonyi, fundi wa waifai wa Kitale mzima (sawa, si mzima, ile upande iko na stima). Shule niliwachia wenye shule mapema, lakini nguzo ya stima napanda kama nyani amefukuzwa, na waya nikiishika inajua imeshikwa. Sasa mimi niko na tabia moja ya kazi, na hii muiweke kwa kichwa kwa sababu ndio ilinimaliza. Kila nyumba yenye nilikuwa naweka waifai, naiita jina moja, WANYONYI FUNDI, na paswadi ni moja, ile ile, ya kinyozi ni hiyo, ya stoo ya mahindi ni hiyo, ya plot ya kupanga yenye mimi nalala ni hiyo, ya ukweni huko Matulo ni hiyo. Kwa nini? Kwa sababu mteja akisahau paswadi hanisumbui, naijua hata nikiota. Na ya pili, nikipita mahali popote simu yangu inashika yenyewe, inanisalimia, naona mimi ni mtu mkubwa, hakuna mji naingia kama mgeni. Ilikuwa ni kama daktari anapeana dawa moja kwa kila ugonjwa na bado watu wanamwita daktari.

Bibi yangu Nelima anauza vitenge kwa simu. Si ati anapeleka picha, hapana, anasimama mwenyewe mbele ya simu, anazunguka, anaongea na wateja wakiwa kwao, wanamwona moja kwa moja. Bidii iko. Lakini akifika tu pahali pa kutaja bei, net inakufa, mteja anabaki kuangalia mdomo ya Nelima ikiwa wazi kama ya samaki. Bando tumenunua ya kutosha wiki, siku ya pili imeisha. Akaniuliza, baba Simiyu, nani anakula bando? Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikamwambia ni mawingu ya Mlima Elgon, yakishuka yanafyonza net yote inaenda Uganda. (Msinicheke, ilikuwa inaonekana ni jibu mzuri nikiwa bado sijaisema.)

Akakunja vitenge zake, akachukua mtoto wetu Simiyu, akaenda kwao Matulo, na kwa mlango akaniwachia maneno kidogo.

"Mwenye anakula hiyo bando ako na jina. Siku utakuja kwetu unitajie hiyo jina mbele ya wazee, nitarudi."

Mnaona shida yangu. Alikuwa ameshaamua ni mwanamke. Na bibi akienda kwao, huwezi kumpigia simu ati mpenzi rudi ugali imeungua, hapana, unaenda ukae mbele ya watu wake ujieleze, na ukishindwa kujieleza unarudi na mikono mitupu na kila mtu barabarani anajua. Siku hizo nilikuwa nakula ugali baridi, nafua ovaroli mwenyewe, napanda nguzo na usingizi, hata kuna siku niliketi juu ya nguzo nikasahau kushuka, watu wakadhani ni ndege mpya. Nilikuwa nimechoka mpaka kivuli yangu ilikuwa inakaa chini kabla yangu.

Sasa kuna Sharon. Sharon ni binti ya marehemu ndugu yangu, mimi ni baba yake mdogo, amepanga chumba nyuma ya plot yetu, na kazi yake ni kompyuta, anaiangalia mpaka macho inakuwa nyekundu kama ya mtu ametoka matangani. Alikuwa na kitu anatengeneza, akanieleza mara nyingi na mimi nikaitikia mara nyingi, na siku moja kwa bahati nikaelewa. Ati kuna programu ya bure, haina mwenyewe, ni kama harambee, mtu popote duniani akiwa na kipande analeta, lakini kuna wale wamesimama kwa mlango wanaangalia kama kipande chako ni kizuri ama ni takataka. Kazi ya hiyo programu ni kuulizwa maswali. Wewe uko na rundo ya habari kubwa kama hiyo stoo ya mahindi, unaiuliza, nani alileta nyingi, nani alileta mbovu, inachimba haraka inakuletea jibu. Sasa Sharon alikuwa anaifundisha kitu haikujua, kusoma pakiti za netiwaki.

Na pakiti ni nini? Alisema niwaze posta. Kila kitu simu inaomba inaenda kwa bahasha ndogo ndogo, maelfu, zinapishana kama siafu. Ndani ya bahasha imefungwa, hata yeye haoni. Lakini juu imeandikwa, imetoka kwa simu gani, inaenda mahali gani, saa ngapi. Yeye anataka ile programu isome hiyo maandishi ya juu na ijibu maswali.

Wale wa mlangoni walimwambia kazi yako ni safi, tatizo ni bahasha zako pia ni safi sana, umeziandika mwenyewe. Jaribu na zile zimetoka kwa maisha, zenye zimeraruka, zenye zimekatwa katikati, tuone kama haitaanguka. Sharon akaja kwangu na kisanduku, kidogo hivi, kama sabuni ya kipande. Ati nikiweke kwa nyumba yangu mahali ya rauta, kiko na laini yake ya bando ndani, kitatoa net kama kawaida lakini kitakuwa kinaweka nakala ya kila bahasha inapita, halafu hapo kwa laptopu yake ataniuliza... ataiuliza, si mimi, na jina la mwenye kula bando litatoka. Nilitaka kumbusu paji la uso. Akanikanya, na alinikanya vizuri, nikimnukuu ninaumia.

"Baba mdogo, hii ni ya nyumba yako kwa sababu wewe umekubali. Siku ya mwisho zima. Usiiweke kwa nyumba ya mtu mwingine, hawajaulizwa."

Nikasema sawa. Mimi kusema sawa ni haraka sana, ni kusikia ndio huchelewa.

Nikampigia shemeji yangu Juma, kaka yake Nelima, nikamwambia mulamwa, ndio kusema shemeji, ita wazee, nakuja na ushahidi wa kompyuta. Sharon alikuwa na shughuli yake Bungoma mjini, tukakubaliana atatoka huko na laptopu tukutane Matulo. Mimi nikang'oa kisanduku, nikatia kwa mfuko, nikavaa ile suti yangu ya harusi (inanibana hapa kwa tumbo, lakini ukweni haupumui sana hata hivyo), nikaenda.

Nilifika mapema kuliko wazee. Juma ananipokea kwa mlango, hata maji ya kunawa bado, anaanza, mulamwa wewe ni fundi gani, waifai yako imekufa tangu radi ya juzi, tunakaa hapa kama watu wa zamani. Nikaangalia rauta yao, imeungua, inanuka kama mahindi ya kuchoma ya mtu amesahau. Nelima alikuwa amesimama kwa dirisha, hajanisalimia, anasikia tu. Sasa mniambie ukweli nyinyi, bibi yako anakuangalia, kaka yake anakucheka, na kwa mfuko uko na kisanduku chenye kinatoa net. Ungefanya nini?

Nikakitoa. Nikakichomeka. Na kwa sababu jina ni lile lile na paswadi ni ile ile, simu zote za hiyo boma ziliruka ndani zenyewe kama kuku zikiona punje za wimbi. Juma akasema aah, mulamwa. Nelima naye nilimwona ameangalia simu yake na kona ya mdomo imesogea kidogo hivi. Na kutoka chumba ya nyuma, nyuma ya pazia, tukasikia sauti ya mama mkwe ikisema haleluya.

Kuhusu mama mkwe niwaambie, kwa wale si wa kwetu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawachezi. Hamshikani mkono, hamkai kwa meza moja, ukimwona anakuja kwa njia unaingia kwa mahindi, hata kama mahindi ni ya jirani na iko na mbwa. Yeye akikuwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Kuna vitu vya mama mkwe ukiviona hata kwa bahati mbaya, lazima mnyama afe ndio mambo yasafishwe. Kwa hivyo yeye alikuwa huko nyuma ya pazia, na Juma akaniambia kwa heshima kwamba mama amefunga tangu asubuhi, amejifungia huko anaombea ndoa yetu, asisumbuliwe. Mimi machozi yalinilengalenga. Nikasema moyoni, huyu mama nitamnunulia blanketi yenye paka hawezi kuivuka kwa siku moja.

Na kisanduku nikakisahau hapo kwa ukuta, kinawaka taa yake ya kijani, kinaandika.

Sharon akafika na vumbi ya barabara. Wazee wakaja, na mbele yao Mzee Wekesa, ndugu ya marehemu baba mkwe, ndiye anasimamia mambo ya hiyo boma, mtu anaongea polepole kama anachagua mawe ya kuvukia mto. Akaomba. Aliombea ndoa, akaombea mvua, akaombea wale wako safarini, akaombea daraja, mimi njaa ilikuwa inaitikia amina kabla yangu. Ndio Sharon akaweka laptopu kwa meza, na huko nyuma ya pazia kukawa na sauti kidogo, kama mvua ya mbali, kama watu wengi wanapiga makofi, nikajua ni mama anasikiza mahubiri kwa simu. Sharon akavuta zile bahasha kutoka kwa kisanduku (hakushangaa kukiona kwa ukuta, alidhani nimekichomekea yeye), halafu akanigeukia.

"Baba mdogo, hizi ni za nyumba yako peke yake?"

"Za nyumba yangu peke yake," nikasema, na sauti ya mtu anaapa kotini.

Programu ikaanza kutafuna. Sharon aliniambia baadaye bahasha zingine zilikuwa zimekatwa vichwa, zingine nusu, na zamani ingekutana na moja kama hiyo ingeanguka miguu juu kama punda amechoka, lakini siku hiyo iliziruka moja moja ikaendelea, na yeye alikuwa anacheka kidogo peke yake kwa furaha. Ilikuwa furaha ya mwisho kwa hiyo chumba. Nelima akasema aanze na za mwisho, mwizi wa juzi ndiye bado ako na mafuta kwa mdomo. Sharon akauliza, ni simu gani imekula sana siku za mwisho. Jibu likatoka. Zingine zilikuwa manambari ya kiwanda tu, lakini ile ya juu kabisa, yenye imekula na kulamba sahani, ilikuwa na jina. Malkia.

Nelima hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. Alisema tu polepole, "Sasa ako na jina."

Mzee Wekesa akaniuliza, mkwe, huyu Malkia ni nani kwa nyumba yako? Nikasema simjui. Ilikuwa ukweli mtupu, na ukweli nikiusema mimi unafanana na uongo, sijui ni uso wangu. Akamuuliza Sharon, na huyo Malkia amekuwa akienda wapi? Sharon akauliza programu, na juu ya bahasha zote, zote, ikaandikwa mahali pamoja, mahali ya kuangalia miereka. Hiyo ya wanaume wameshiba, na chupi za kung'aa, wanatupana kutoka kwa kamba.

Hapo ndio ningenyamaza. Mtu alikuwa ameweka mlango wazi na kusema pita, na mimi nikachagua kupitia kwa ukuta. Nilisimama, suti ikilia kwa mgongo, nikajitetea. Nikasema wazee wangu, niangalieni, kweli mimi naweza kumpenda mwanamke wa kuangalia miereka? Huyo si mwanamke, huyo ni askari jela. Huyo lazima ako na shingo kama ya fahali ya kupigana, akigeuka anageuka na mabega. Huyo akikohoa mabati inainuka. Nikaona wazee wawili wanazuia kicheko, nikapata nguvu (hiyo ndio ugonjwa yangu, mtu akicheka mimi siwezi kushika breki), nikaongeza ati mwanamke kama huyo hata kanisani akienda anaenda kupima wachungaji mabega, na mwenye alimuoa kama ako hai amejificha, na kama alikufa, alikufa akikimbia.

Mzee Wekesa, yule kaka ya marehemu baba mkwe, hakucheka.

Na Sharon naye alikuwa ameacha kunisikiza kitambo, ameinama kwa laptopu, uso umebadilika. Akasema baba mdogo, hizi saa ni za leo. Nikamwambia haiwezekani, leo mimi nimetoka Kitale alfajiri. Akaangalia kisanduku kwa ukuta, akaangalia ile taa ya kijani, akaniangalia, na mimi ndio nikakumbuka nilikichomeka mwenyewe.

"Malkia ako kwa net sa hii," akasema, sauti chini. "Ako hapa."

Nelima hakungoja mtu. Aliinuka, akaenda kwa ukuta, akang'oa waya.

Ile mvua ya mbali ikakatika. Pu. Mnajua kitu imekuwa ikilia na hukujua inalia mpaka inyamaze? Makofi, kengele, mtu anapiga yowe ya kizungu, yote ikafa mara moja, na kwa hiyo kimya, nyuma ya pazia, kwa chumba ya kufunga na kuomba, mama mkwe wangu, mweka hazina wa akina mama wa kanisa, akasema na uchungu, "Nani amezima, na huyo mfupi alikuwa amemshika?"

Juma akafunika uso na kofia, na ndio akakumbuka kwa sauti ndogo kwamba hiyo simu mama aliletewa na mjukuu wa Nairobi, na huyo mtoto ndiye alikuwa anamwita malkia, lazima aliandika hivyo kwa simu. Na mimi bado nimesimama. Nilikuwa nimesahau venye watu hukaa.

Sharon ndiye aliokoa heshima kidogo ilikuwa imebaki. Alifunga laptopu, akasema hizi bahasha za boma hii si zangu kuangalia, wenyewe hawakuulizwa, nazifuta, na akazifuta hapo hapo, Mzee Wekesa amesimama nyuma yake kama anashuhudia mazishi. Lakini wazee walikuwa wameshaanza. Mmoja anasema, mkwe ameingia kwa chumba ya mama yake mkwe na kumwona vitu vyake vya siri. Mwingine anasema hakuingia, ako hapa tangu asubuhi. Wa kwanza anasema kwani lazima aingie na miguu? Ameona mahali anaenda, ameona kitu anafanya akiwa amejifungia peke yake, kama hiyo si uchi ni nini? Wakaulizana kama zamani kulikuwa na kesi kama hii, hakuna mtu anakumbuka mkwe aliwahi kumwona mama mkwe kwa bahasha. Mwishowe wakakubaliana, uchi ni uchi, na matusi ya shingo yanaongezwa hapo juu, nilipe mnyama. Kondoo.

Mimi nikaona imeisha. Mke nimepoteza, mama mkwe nimetukana, kondoo nadaiwa, suti imepasuka kwa kwapa. Ndio Nelima, yeye mwenyewe, akasema, "Na ya Kitale? Alikuja kutaja jina, ataje."

Sharon akafungua tena, upande wa Kitale peke yake. Akasema majina ya watu hatasoma, atauliza tu ni simu ngapi zimeingia. Akauliza. Nambari hata sikuiona, niliona tu mistari inashuka kwa kioo kama mahindi kwa gunia limetoboka, inashuka, inashuka, mzee mmoja akavaa miwani, ikashuka mpaka akavua. Nelima akaniuliza kwa nini simu za dunia nzima zinaingia kwa nyumba yetu. Na mimi, kwa mara ya kwanza kwa maisha yangu, nikajibu kifupi. Nikasema jina ni moja. Paswadi ni moja. Kila mtu nilimwekea waifai, simu yake ikipita kwetu, inadhani imefika kwao.

Yaani kinyozi na wateja wake. Stoo. Plot ya mbele, plot ya nyuma. Kila mtu anapita akienda sokoni anakula kijiko moja anaendelea. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na Kitale.

Nelima alikaa chini polepole, akaweka leso kwa mdomo, nikadhani analia.

"Afadhali ingekuwa mwanamke," akasema. "Mwanamke mmoja angeshiba."

Alikuwa anacheka. Kicheko ya mtu amechoka, ile inatoka na machozi, lakini ilikuwa kicheko, na mimi sijawahi kusikia kitu tamu hivyo, hata kama nilikuwa ndio chakula.

Ndio maana mnaniona hivi. Nazunguka kila nyumba yenye niliwahi kupanda paa yake nikibadilisha jina na paswadi, moja moja, bure, kwa miguu, na kila mteja ananiuliza kwani ya kwanza ilikuwa na shida gani, na mimi nasema ni mitambo. Na nimeapa, kitu ya mtu ikiwa imewashwa kuandika, sitaichomeka hata kwa zizi ya ng'ombe kabla ng'ombe hajakubali kwa mdomo yake. Sharon naye kazi yake ilipita kwa wale wa mlangoni. Zile bahasha chafu za kujaribia alizitunga mwenyewe, akiiga venye zile za kweli zilikuwa zimeraruka, hakuna jina la mtu ndani, ila ati moja ya simu za uongo ameiita Shingo-ya-Fahali. Iko huko ndani sa hii, na watu wa nchi sijui gani wanaisoma kila siku bila kujua ni maneno yangu. Mtoto wa ndugu yako anaweza kukumaliza na heshima zote.

Lakini hamjauliza kondoo iliishia wapi. Siku hiyo, kabla tutoke, Mzee Wekesa alisogea kwa pazia kama desturi inataka, akakohoa, akasema, mama, wazee wamesema mkwe alipe kondoo kwa makosa yake, na binti yako amesema yuko tayari kurudi Kitale, wewe uko na neno gani? Mimi nimeinamisha kichwa, naangalia soksi zangu, nasubiri kulaaniwa na mtu wa maombi. Halafu huyo mama, mwenye hajawahi kunielekezea hata salamu moja kwa moja tangu nimuoe mtoto wake, akapaza sauti bila kupitia kwa mtu yeyote:

"Wanyonyi, bibi yako chukua, kondoo sitaki. Hiyo kisanduku ndio haitoki hapa."